Nina kigugumizi na nasomea tiba ya matamshi na lugha, kuna aliyepita njia hii?

mwanafunzi_kimya ameandika:

Habari za humu wakuu. Mda mrefu nimekuwa nasoma tu nyuzi za watu bila kuandika chochote ila leo naomba niulize, maana nimekaa na hili jambo wiki mbili na usingizi umekuwa wa shida.

Niko mwaka wa kwanza semista ya pili, nasomea tiba ya matamshi na lugha, ile wengi wanaiita spichi therapi. Nina kigugumizi tangu nikiwa na miaka minne hivi. Changu sio sana kile cha kurudiarudia silabi, changu ni cha kukwama, yaani mdomo umeshakaa tayari kwa sauti lakini sauti haitoki, koo limefunga. M, p na k ndo zinanisumbua kuliko zote na jina langu linaanza na mojawapo. Kozi niliichagua kwa sababu hiyohiyo, nilitaka kujua kinatokea nini pale.

Sasa wiki mbili zilizopita tulikuwa na prezentesheni. Nilijiandaa, nimeandika kila kitu neno kwa neno. Nikafika kwenye sentensi inayoanza na "mgonjwa", nikakwama kwenye ile m. Nadhani zilikuwa sekunde nane au tisa, midomo imebana, naona wa mbele wameinamia madaftari yao kana kwamba wanaandika, halafu mwenzangu wa mstari wa pili akanimalizia neno. Kwa nia njema kabisa, najua. Nikaendelea, ila kuanzia hapo kila neno la m nikawa nalibadilisha, mgonjwa nikamwita "anayetibiwa", mdomo ukawa "kinywa", mpaka sentensi nyingine zikapoteza maana nikaona mwenyewe.

Kipindi kilipoisha mwalimu wetu mmoja akaniita pembeni, akaniambia kwa upole tu kwamba nifikirie kuhamia isimu au nijielekeze kwenye utafiti, kwa sababu mwaka wa pili tunaanza klinikali na mtu aliyekuja kutibiwa atajiuliza maswali akikuta anayemtibu ana tatizo hilohilo. Sikumjibu kitu. Nilishindwa.

Kwaiyo nauliza, kuna mtu mwenye kigugumizi aliyesoma hii kitu akamaliza na anafanya kazi? Alafu la pili, hata tukiweka kigugumizi pembeni masomo yenyewe yananielemea. Nilidhani nakuja kujifunza kuwafundisha watoto kutamka r, nimekuta anatomia ya shingo, neva za kichwani, na kumeza, yaani kumeza kuna somo zima! Fonetiki nimepata sapu, unukuzi, yaani kuandika sauti kwa alama, umenishinda, wenzangu wanasikia tofauti ambazo mimi sizisikii kabisa. La mwisho, digrii ya kwanza inatosha kufanya kazi au lazima mastazi? Asanteni.

fundi_wa_sauti amejibu:

Karibu mdogo wangu, na pole kwa hizo wiki mbili.

Mimi niko kazini mwaka wa 11 huu. Sina kigugumizi kwahiyo sitasema najua unavyojisikia, ila miaka mitano nimefanya kazi chumba kimoja na mwenzangu mwenye kigugumizi, cha kukwama kama chako, na nikikutana na kesi ngumu ya kijana anayekataa kabisa kuongea, yeye ndiye wa kwanza ninayempelekea.

Mwalimu wako amesahau historia ya fani yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kutibu kigugumizi kimetoka kwa watu wenye kigugumizi. Charles Van Riper, mzaliwa wa 1905, alikuwa na kigugumizi kikali mno, na ndiye aliyeanzisha kliniki ya matamshi pale chuo cha Western Michigan kule Marekani mwaka 1936. Joseph Sheehan naye alikuwa nacho, Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa naye alikuwa nacho. Mbinu za Van Riper utazisoma mwaka wa pili au wa tatu: ukishakwama unamaliza neno kwanza, unatulia kidogo, unalirudia polepole bila kubana, ukizoea hiyo unajifunza kulegeza ukiwa ndani ya neno lenyewe, palepale lilipokwama, mwisho unajifunza kujiandaa kabla hujalifikia. Angalia hakuna hata hatua moja hapo inayosema kimbia neno.

Na hilo ndilo lililonigusa kwenye maelezo yako, sio zile sekunde tisa. Ni "anayetibiwa". Sheehan alifananisha kigugumizi na jiwe la barafu baharini, juu ya maji kinaonekana kipande kidogo, ambacho ndiyo kile watu wanachosikia, chini kuna hofu, aibu, kukwepa maneno, kukwepa simu, kukwepa kujitambulisha. Ulipokwama ulikuwa unawasiliana bado. Ulipoanza kubadilisha maneno ndipo darasa likapoteza unachosema. Mtu aliyeishi hilo ana kitu cha kumwambia mgonjwa ambacho mimi nakisoma kwenye kitabu tu.

Halafu ngoja nikuambie na upande wa pili wa huyo Johnson, maana unahusiana na wewe. Yeye aliamini kigugumizi kinazaliwa na masikio ya mzazi, yaani mtoto anaongea kawaida, mzazi anamwambia una kigugumizi, basi kinakuja. Mwaka 1939 mwanafunzi wake akafanya jaribio kwa watoto wa kituo cha yatima, wengine walikuwa wanaongea vizuri tu wakaambiwa wanaanza kuwa na kigugumizi. Nadharia yenyewe haikusimama, leo tunajua kigugumizi kina mizizi kwenye jeni na jinsi njia za ubongo zinavyounganika, malezi hayasababishi. Lakini baadhi ya wale watoto wakawa wazito wa kuongea, wakanyamaza, na mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Iowa kikaomba radhi hadharani. Nimekitaja kwa sababu moja: neno la mtu mwenye mamlaka kuhusu kuongea kwako lina uzito, na anayelisema awe mwangalifu. Alilokuambia mwalimu wako kwa upole bado limekunyima usingizi wiki mbili.

Kuhusu klinikali, kinachopimwa ni kama unaweza kuwasiliana na mgonjwa, kumwonyesha zoezi, kusikia kosa, kuandika ripoti, na kubadilisha mpango pale unapoona haufanyi kazi. Ufasaha usio na kukwama haumo. Kwenye mitihani ya mdomo omba mda wa ziada mapema, kwa maandishi, vyuo vingi vina utaratibu huo na sio upendeleo. Na jiandae kwa kitu kimoja: programu nyingi zina zoezi ambapo kila mwanafunzi, hata asiye na kigugumizi, anatumwa akakwame kwa makusudi mbele ya watu asiowajua, kwenye simu au kaunta, halafu aandike alivyojisikia. Mimi nilifanya mara tatu. Ya kwanza mkono ulitetemeka na nikakata simu kabla sijamaliza jina langu. Nyinyi mnafanya hivyo kila siku bila kupewa maksi.

daftari_la_pili amejibu:

dada pole, mimi niko mwaka wa nne na nilipata sapu ya fonetiki hiyohiyo, kwaiyo ntaongelea hapo tu maana kuhusu kigugumizi fundi ameshamaliza.

kosa langu lilikuwa nanukuu herufi badala ya sauti. kiswahili kinatudanganya kwa sababu maandishi yake yanakaribia sana matamshi, unazoea kwamba unachokiona ndo unachokisikia. sasa jaribu hii, sema "mbwa" alafu sema "mbali", polepole, piga meza kila silabi. mbwa ni m-bwa, ile m inasimama peke yake na ndo inabeba mkazo. mbali ni mba-li, m imeshikana na b haina silabi yake. kwenye karatasi herufi zilezile, kwenye unukuzi alama tofauti. na ile m ya mgonjwa iliyokukwamisha ni silabi kamili, m-go-njwa, labda ndo maana huwezi kuipita kirahisi, sijui, ila nimeona nikwambie.

nyingine. sema "paa" la nyumba na "paa" yule mnyama, weka kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo. kuna wasemaji ambao kwenye mnyama karatasi inaruka na kwenye nyumba haitikisiki. wengine hawatofautishi kabisa, na wewe ukisikiliza rekodi unatakiwa uandike alichofanya yule msemaji, sio unachofanya wewe. hapo ndo sapu nyingi zinapotokea. mtoto akisema "tita" badala ya sita, sikio lako linamsaidia linasikia sita, unaandika s. umekosa. mtoto akisema "tutu" badala ya kuku, hivyohivyo. inabidi uzime ile sehemu ya kichwa inayoelewa maana.

nilichofanya mimi: kila siku dakika 15, sio zaidi, nakata rekodi vipande vya sekunde tatu, nasikiliza mara tatu bila kuandika, ya nne naandika, alafu nasema mwenyewe nilichoandika kwa sauti nalinganisha. kama sikio linagoma tumia mwili, ulimi uko wapi, midomo imefungwa, koo linatetemeka au la, weka vidole kwenye kikoromeo utamke s alafu z. wiki ya tano hivi masikio yakafunguka, na ni kweli yanafunguka kwa ghafla. kama una rekodi za watoto za mazoezi ziweke hapa tunukuu pamoja.

kuhusu neva, zipo jozi 12 za kichwani usizikariri zote kwa uzito mmoja, kwetu zinazofanya kazi kubwa ni ya 5, 7, 9, 10 na 12. na usizikariri kwenye orodha, kariri njia. mfano tawi la neva ya 10 linaloendesha nyuzi za sauti upande wa kushoto, haliendi moja kwa moja kwenye koo, linashuka mpaka kifuani, linapita chini ya upinde wa mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo alafu ndo linapanda tena shingoni. ukishaliona hilo huwezi kusahau kwa nini mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kifua anaweza kuamka na sauti imekauka.

mpita_njia amejibu:

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, kwa heshima. Mimi sio wa fani hii, ila baba yangu alitibiwa baada ya kiharusi. Mgonjwa wa aina ile anachoka haraka, ana dakika chache za umakini, na anahitaji asikie maneno yaliyo wazi. Nawaza tu kama anayemtibu naye anakwama haitamchanganya? Simkatishi tamaa dada, lakini swali la mwalimu naona lina upande wake na lijibiwe, lisipitwe tu.

wodi_ya_kiharusi amejibu:

Swali lako ni la haki ndugu mpita_njia na mimi ndiko ninakofanya kazi, kwa hiyo nitalijibu.

Mgonjwa wa afasia, yaani aliyepoteza uwezo wa lugha baada ya ubongo kuumia, shida yake kubwa na sisi watu wa karibu yake ni moja, hatumsubiri. Akili yake ipo, anajua anachotaka kusema, neno limepotea njiani. Kuna mzee mmoja nilikuwa naye, upande wa kulia umelegea, ukimwambia hesabu anahesabu moja mpaka kumi bila kusita, siku za wiki anazitaja zote, ila mkewe akiwa amekaa pale kitandani ukimuuliza huyu ni nani anamwangalia, machozi yanamlenga, jina halitoki. Vile vya kukariri vinatoka njia nyingine, jina la mkewe lazima alitafute. Mke naye kwa mapenzi anamtajia. Kila mara. Nilimwomba mama asubiri, tukakubaliana ahesabu kimyakimya mpaka kumi na tano kabla hajasaidia. Siku ya nne, kwenye kumi na mbili hivi, mzee akatoa silabi ya kwanza ya jina. Moja tu. Mama alitoka nje kulia.

Hayo si mapya. Mwaka 1861 Paul Broca, daktari wa Paris, alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa anatamka silabi moja tu, "tan", lakini anaelewa anachoambiwa. Alipofariki Broca akaukagua ubongo wake akakuta umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza kinyume chake, watu wanaoongea kwa wepesi, maneno yanamiminika, lakini hayana maana na wao wenyewe hawaelewi wanachoambiwa. Mpaka leo tunaanzia hapo tukifundisha, ingawa ubongo umeonekana kuwa na mtandao mpana zaidi ya sehemu hizo mbili.

Sasa turudi kwa mleta mada. Kusubiri kimya kwa sekunde kumi na tano bila uso wako kumharakisha mtu, ndicho kitu kigumu kuliko vyote kuwafundisha wanafunzi wanaokuja kwangu. Wanajua nadharia yote, ikifika sekunde ya nne mdomo unafunguka. Huyu dada amekaa upande wa pili wa hizo sekunde maisha yake yote. Na kuhusu maneno ya wazi, kukwama kwa msemaji hakufanyi neno liwe la kigeni kwa mgonjwa, kinachomchanganya mgonjwa wa afasia ni sentensi ndefu, kelele za wodi, na watu watatu kuongea kwa pamoja. Mtaalamu anayeongea polepole, maneno machache, anayetumia picha na mikono, ndiye anayetakiwa.

Na kumeza mdogo wangu usikuone kama kero. Utakapoingia hospitali ndiko utakaposhinda siku nzima. Njia ya hewa na njia ya chakula zinapishana kooni, kila ukimeza pumzi inasimama, zoloto, yaani kisanduku cha sauti, linapanda na kusogea mbele, kidakatonge kinachofunika njia ya hewa kinainama, nyuzi za sauti zinafunga, yote hayo ndani ya sekunde moja hivi, na misuli yenyewe nyingi ni zilezile unazoongelea. Ndiyo maana ni kazi yetu. Kiharusi kikiharibu ule mpangilio maji yanaingia mapafuni, na kibaya zaidi wengine hawakohoi, maji yanaingia kimyakimya, familia inasema anameza vizuri tu, baada ya siku mgonjwa ana homa ya mapafu. Kuna mizani ya kimataifa ya kupanga uzito wa vinywaji na vyakula, ngazi 0 mpaka 7, maji ya kawaida ni 0. Ukiisoma shika kikombe mkononi, mwagia kimiminika kwenye bomba la sindano uone kinavyoshuka kwa sekunde 10, utaelewa kuliko kusoma slaidi mara ishirini.

mama_wa_wawili amejibu:

Mimi ni mzazi tu. Mwanangu wa pili ana kigugumizi, alianza na miaka mitatu na nusu. Tuliambiwa watoto wengi wanaopitia hicho kinawaachia, kama watoto 5 kati ya 100 wanakipitia na ukubwani kinabaki kwa kama 1, basi yeye mpaka sasa ana miaka tisa kipo. Tulipita kwa wataalamu wawili wazuri, alikuwa anafanya mazoezi ndani ya chumba, akitoka nje hasemi. Wa tatu alikuwa kaka ambaye naye ana kigugumizi na siku ya kwanza alikwama kwenye kujitambulisha, akatulia, akamaliza, akaendelea na habari zake.

Tunarudi nyumbani mwanangu ananiambia, mama amekwama mara saba nimehesabu, na mara zote amemaliza alichotaka kusema. Mara saba. Hakuniambia chochote kuhusu mazoezi siku ile. Wiki iliyofuata alinyoosha mkono darasani, mwalimu wake ndiye aliyenipigia kuniambia.

Mwanangu usihame.

mpita_njia amejibu:

@wodi_ya_kiharusi nimekuelewa na nashukuru kwa kunijibu kwa undani. Hilo la kumtajia neno baba tulilifanya sana nyumbani, kila mtu. Laiti tungeambiwa.

fundi_wa_sauti amejibu:

Niongeze mawili niliyoyaacha.

La digrii, inategemea unataka kufanya kazi wapi. Uingereza digrii ya kwanza iliyoidhinishwa inatosha kusajiliwa. Marekani ni lazima mastazi, na kwa cheti cha chama chao unatakiwa saa 400 za kliniki, 25 kati ya hizo za kuangalia tu. Australia unaweza kuingia kwa digrii ya miaka minne au mastazi. Kwahiyo uliza chuo chako mapema programu imeidhinishwa na nani na saa za klinikali zinahesabiwaje na nani anazisaini, na tunza nakala zako mwenyewe tangu saa ya kwanza. Nimeona mtu akirudia saa zaidi ya mia kwa sababu supavaiza aliondoka na karatasi hazikusainiwa.

La pili linahusu lugha, na hapa wewe na wenzako mna kazi ambayo haijafanywa. Vipimo vingi vya lugha ya watoto vimetengenezwa kwa Kiingereza, na utakuta mtu anavitafsiri neno kwa neno anampima mtoto wa Kiswahili. Haifai hata kidogo. Kipimo cha Kiingereza kinaangalia kama mtoto anaweka s ya wingi na ed ya wakati uliopita, sisi vitu hivyo hatuna. Sisi tuna "kitabu kile kimeanguka" na "vitabu vile vimeanguka", mtoto lazima abebe ule upatanisho sentensi nzima, na kipimo kilichotafsiriwa hakiangalii huko kabisa. Mtoto mwenye tatizo la kweli anapita, mtoto mzima anaandikwa mgonjwa. Vivyo hivyo mtu anayesema "lafiki" kwa kuwa lugha yake ya kwanza haitenganishi r na l, huyo ana lafudhi, usimwandikie tiba. Na mzazi akikuambia ameshauriwa aache kuongea lugha ya nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, mwambie aendelee nayo, lugha mbili hazisababishi kuchelewa. Mtu mwenye msingi wa isimu na kliniki kwa pamoja ndiye atakayetengeneza vipimo hivyo, kwahiyo mwalimu wako akikutajia tena isimu mwambie utaichukua pamoja na kliniki.

mwanafunzi_kimya amejibu:

Nimesoma majibu yote mara mbili, sijui niseme nini. @mama_wa_wawili mara saba hiyo nimeiandika kwenye jalada la daftari. @daftari_la_pili nimefanya ya karatasi, kwenye mnyama imeruka kweli! Nimekaa nacheka mwenyewe chumbani. Mbwa na mbali nimewajaribisha wenzangu wawili nao hawakuwahi kuona.

Leo mchana nimeenda kwa yule mwalimu. Nilikwama kwenye salamu tu, sikubadilisha neno, nikasubiri likatoka. Nikamwambia nataka klinikali na nitaomba mda wa ziada kwenye mitihani ya mdomo. Alinyamaza kidogo akasema nilete barua ataisaini. Hakuomba msamaha wala mimi sikutaka, ila alisubiri nimalize kila sentensi, hilo nililiona.

Sasa naomba mniangalizie hiki. Nimeandika cha kumwambia mgonjwa siku ya kwanza, nifanyie mazoezi mpaka mwakani: "Samahani, naitwa fulani, nina kigugumizi. Wakati mwingine nitakwama, nikikwama nisubiri nitamaliza. Na wewe chukua mda wako hivyohivyo." Iko sawa?

Na zile rekodi za watoto za darasani nazipandisha hapa kesho tunukuu wote.

fundi_wa_sauti amejibu:

Iko vizuri sana. Toa "samahani" pale mwanzo, mengine acha kama yalivyo, na ulifanyie mazoezi jina lako hapohapo ndani ya sentensi, usilisogeze mwisho wala kulizunguka.

Rekodi usiziweke hapa kabisa, hata ukifuta majina, mtoto anatambulika kwa sauti na mzazi wake aliruhusu darasa tu. Rekodini sauti zenu wenyewe mkiigiza makosa, "tita" na "tutu", mnukuliane. @daftari_la_pili na wewe ufute ile sentensi yako ya kuomba rekodi.

daftari_la_pili amejibu:

kweli kabisa, nimeteleza, naifuta sasa hivi. dada nitumie meseji ya ndani tupange saa, mimi jioni nina nafasi, tuanze na sekunde tatu tatu.